Klipu Kumi na Saba

Mtu aliyebuni plastiki za ndani ya madigadi ya gari lile dogo la mbio, popote alipo, hakika hajawahi kuzitoa yeye mwenyewe. Kila tairi la mbele lina plastiki yake, nyeusi, imejikunja juu ya tairi kuzuia tope lisirukie taa na nyaya. Hapo hana kosa. Lakini ameishika kwa klipu kumi na saba, vijitu vidogo vyenye kichwa kisichozidi ukucha, na huwezi kuzifikia zote mpaka upige jeki, ufungue tairi, kisha ulale chali na kutazama juu vumbi likikuingia machoni. Na lazima uzitoe, maana nyuma yake ndiko balbu ya taa ilikojificha, na ndiko majani na tope vinakorundikana, vikashika unyevu na kula bati polepole bila wewe kuona.

Fundi mmoja aliyeitwa Dakika aliliona hilo mapema. Gari hilo alilipata likiwa gofu, viti viwili na boneti ndefu, na kutu ilikuwa imekula hapohapo nyuma ya plastiki hadi unapitisha ngumi. Wakati huo alikuwa fundi wa malori kwenye karakana kubwa, mtu wa spana nzito na bolti za unene wa gumba, na wenzake walimcheka mpaka wakajishika mbavu walipomwona anakokota kijigari kinachomfika kiunoni. Jina la Dakika walimpa wao, kwa sababu kazi yoyote ukimpelekea alikuwa na jibu moja: "Hiyo? Dakika ishirini tu." Kijigari kilimchukua miaka minne. Alikata bati bovu, akachomelea jipya, akapiga rangi nyekundu, na tangu hapo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alitoa plastiki zote mbili, akaosha kule nyuma kwa brashi, akakausha, akazirudisha. Dakika ishirini kila upande, na hizo kweli zilikuwa ishirini.

Siku moja, katika hizo Jumamosi, alikula kiapo. Jirani yake, daktari wa meno, alikuwa amesimama uani na kikombe cha chai mkononi akilitamani lile gari kama kawaida yake. "Fundi," alisema, "siku ukilichoka, mtu wa kwanza ni mimi. Tumeelewana?"

Dakika alicheka kutoka chini ya gari. "Daktari, siku nitakayoshindwa kutoa hizi plastiki kwa mikono yangu mwenyewe, njoo ulichukue. Bibie, wewe ni shahidi!"

Mke wake alikuwa kwenye cherehani yake, kwenye dirisha linalotazama uani. Alikuwa mshonaji, na mdomoni alikuwa na pini nne, kwa hiyo aliitikia kwa kichwa. Wote watatu walicheka. Watu wenye mikono mizima huapa kwa urahisi sana.

Ganzi ilianzia kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia. Dakika aliidharau. Ikahamia mkono wa kushoto, ikashuka hadi kwenye viganja, na nguvu ikaanza kwenda nayo. Kikombe kilimponyoka, halafu nyundo. Daktari wa hospitali, siyo yule wa meno, alimchoma vidole kwa sindano huku amemfumba macho, akimuuliza kila mara, "Hapa je?" Alipomaliza alisema mishipa ya fahamu ya mikono ilikuwa inakufa kidogo kidogo, na kwamba dawa aliyo nayo ni ya kutuliza maumivu, si ya kurudisha kilichokwenda. Dakika alimwuliza itachukua muda gani. Daktari alisema hajui.

Karakana walimuaga vizuri, wakampa saa ya ukutani. Nyumbani alibaki na mke, saa, na gari. Jumamosi ya kwanza iliyofuata, plastiki moja ilimchukua saa mbili. Klipu zilimdondoka, zikaviringika, akazisaka kwa magoti. Mke wake aliyaona yote kutoka dirishani na akaongeza mwendo wa cherehani, ili akigeuka adhani hakutazamwa. Aliporudi ndani, Dakika alinawa mikono kwa muda mrefu.

"Imekuwaje leo?" mke aliuliza.

"Dakika ishirini," alijibu, na hakumtazama usoni.

Hapo ndipo alipokata shauri la kuzirekebisha zile plastiki. Haikuwa kudanganya, alijiambia. Fundi anayekubali kazi mbaya ya mwenzake ndiye mdanganyifu. Alizilaza juu ya meza, akazichora kwa chaki, akazikata katikati kwa msumeno mwembamba, kipande cha mbele na cha nyuma, ili cha mbele kitoke bila kufungua tairi. Matundu ya juu akayapanua chini yakawa mifereji, plastiki ijitundike yenyewe na kuteleza nje ukiisukuma. Klipu kumi na saba zikawa bolti tano zenye vichwa vikubwa. Kazi iliyotaka wiki moja ya mtu mwenye mikono mizima yeye aliifanya kwa miezi miwili, msumeno umefungwa kwenye kiganja kwa kitambaa. Na ilikuwa kazi safi. Kingo alizipiga msasa hadi ukipitisha shavu hulikwaruzi.

Jumamosi ile alitoa pande zote mbili kwa nusu saa. Aliingia ndani akiimba, akamshika mke wake kiuno pale kwenye cherehani, sindano ikakatika.

"Mzee, una wazimu!" mke alisema, akicheka na huku anatafuta kipande cha sindano kwenye kitambaa cha mteja.

Lakini mikono haikumsubiri. Ilipofika mvua, bolti zenye vichwa vikubwa zilikuwa ndogo tena. Alizungusha spana na spana ikazunguka yenyewe ndani ya kiganja. Basi akafikiria kitu cha kushika chote kwa mkono mzima. Siku ya tatu mke wake alitaka kupika, akakuta vifuniko vitatu vya sufuria havina vishikio.

"Mzee."

"Naam."

"Vishikio vya vifuniko vyangu viko wapi?"

"Viko kwenye gari."

Alitoka nje na mwiko mkononi, akainama, akaviona vitatu, vyeusi, vya mviringo, vimekaa kwenye ukingo wa digadi kama vilizaliwa pale. Alitaka kufoka lakini kicheko kikamwahi. "Basi weka zipu, tujue moja! Nikupe zipu?" Kwa muda wa mwezi mmoja alifunua vifuniko vyake kwa uma.

Vishikio navyo vikamshinda. Ndipo alipotengeneza kile cha mwisho, ambacho kwa kweli kilikuwa cha akili kuliko vyote: ndoano mbili juu, na chini mkanda mmoja wenye kitanzi. Unapitisha kifundo cha mkono kwenye kitanzi, unaegemea nyuma kwa uzito wa mwili, plastiki inachomoka nzima. Havihitajiki vidole wala hisia. Alimwita mke wake aje aone. Alipitisha mkono, akaegemea, ikatoka. Akairudisha kwa kuisukuma na goti.

Mke aliitazama kwa jicho la mtu aliyeshona miaka thelathini. Aliigusa kwa kidole, ikacheza.

"Mzee, hili tundu la kifungo ni kubwa," alisema polepole. "Nguo ya hivi inamvuka mtu njiani."

"Hii siyo nguo, bibie."

Aliuma ulimi. Alimwona alivyong'aa usoni, na hakuwa na moyo wa kuzima kile kidogo kilichobaki. Baadaye alijilaumu sana kwa kimya hicho.

Jumapili asubuhi walitoka matembezi, kama walivyozoea. Dakika aliendesha kwa viganja, usukani ameukumbatia kuliko kuushika, polepole, na mke amefunga kitambaa kichwani. Walipovuka tuta la tatu, kitu kilikatika upande wa kushoto. Plastiki ilishuka, tairi likaidaka, likaiburuta chini yake, na mngurumo uliotoka pale uliwatoa watu madukani. Usukani ukaruka. Dakika aliushika kwa nguvu zake zote, na nguvu zake zote hazikutosha. Uliteleza viganjani huku yeye anautazama. Mke wake ndiye aliyerusha mkono, akaukamata, akauvuta. Walisimama sentimita chache kutoka kwenye ukuta wa shule.

Hakuna aliyeumia. Mke alishuka, akaokota vipande vya plastiki barabarani kimoja kimoja, akaviweka kwenye khanga yake. Dakika alibaki kwenye kiti. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani na hakujua kama imeushika au la, mpaka alipoiangalia.

Kwa wiki tatu baada ya hapo Dakika alishinda uani. Alinunua plastiki nyingine na akajaribu tena mkanda wake. Aliukaza kidogo, na kifundo cha mkono kikashindwa kuuvuta. Aliulegeza kidogo, akalitikisa gari kwa bega, plastiki ikaanguka. Akaukaza tena. Kati ya kukaza na kulegeza alikuwa akitafuta mahali ambapo mkono wake ungeweza na barabara isingeweza, na mahali hapo hapakuwepo. Chochote alichoweza yeye kukifungua, tuta moja lingeweza pia. Alilijua siku ya kwanza, mtu wa malori hawezi kutolijua, lakini alihitaji wiki tatu kulikubali.

"Bibie," aliita mwishoni. "Njoo na mikono yako."

Alikuja. Walitafuta plastiki mbili mpya, zisizokatwa, na pakiti ya klipu mpya. Dakika alikaa kwenye kigoda, viganja kwapani, akimwelekeza: hiyo ya juu kwanza, sukuma kichwa mpaka isikike, sasa ya pembeni. Mke, aliyezoea vifungo na vishikizo, alizipachika zote thelathini na nne bila kudondosha hata moja. Alimaliza mapema kuliko alivyotaka, akajifanya anakagua.

"Sasa niache nizitoe," Dakika alisema.

"Mzee, kwa nini?"

"Niache tu."

Alilala chali. Mke alikaa kwenye kigoda chake, hakwenda dirishani wala kwenye cherehani, akamtazama waziwazi kwa mara ya kwanza. Dakika alijikaza kisabuni kwa bisibisi, kwa meno, kwa kisigino cha mkono. Kivuli cha ukuta kilivuka ua wote. Alipotoka chini ya gari, klipu tatu zilikuwa chini. Tatu kati ya kumi na saba.

"Mwite daktari," alisema.

"Wa hospitali?"

"Wa meno."

Daktari wa meno alikuja Jumamosi, bila furaha aliyodhani angekuwa nayo. Hakuwahi kukikumbushia kile kiapo hata siku moja, na sasa alitaka kukikana kabisa. "Fundi, yale yalikuwa maneno ya utani."

"Nilikuwa chini ya gari, siyo kwenye utani. Sikiliza. Kila mwezi utatoa hizi plastiki usafishe. Usipozitoa, kutu itarudi. Njoo nikuonyeshe."

Lakini aliyeonyesha alikuwa mke wake. Dakika alisimama na mikono mifukoni akieleza, naye mke alilala chali kwenye gunia na kuchomoa klipu moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye sahani. Daktari aliduwaa. "Kumbe mama ndiye fundi humu!"

"Mimi ni mikono tu," mke alisema kutoka chini. "Fundi ni huyo."

Waliporudisha kila kitu, ulibaki ufunguo. Ulikuwa kwenye pete pamoja na ule wa nyumba na ule wa stoo, zile pete za waya zilizojizungusha mara mbili, ambazo lazima uingize ukucha katikati, upanue, kisha uzungushe. Dakika aliutoa mfukoni akaanza. Ukucha uliteleza. Akaanza tena. Daktari aligeuka akajifanya anatazama matairi. Dakika aliweka pete kwenye meno, akaitoa, akaifuta kwa shati, akajaribu kwa gumba la kushoto. Katika gari zima hakuna kitu ambacho hakuwa amekipunguza, amekikata au amekirahisisha kitoke, isipokuwa hicho.

Mke wake alisimama hatua moja kutoka kwake. Kwa kucha zake ingekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Mkono wake ulinyanyuka, ukafika usawa wa tumbo, akaurudisha akaushika kwa ule mwingine.

"Chukua hivyohivyo," Dakika alisema hatimaye, akaziweka funguo zote na pete yake kwenye kiganja cha daktari.

Gari lilitoka getini kwa sauti yake ile nzuri, likakata kona. Walisikiliza mpaka sauti ikaisha. Upepo ulikuwa umeusukuma mlango wa nyumba na kitasa kimejifunga, cherehani iko ndani, chakula kiko ndani.

"Ufunguo wa nyumba uko kwenye ile pete," Dakika alisema.

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Mke alijifuta vumbi la gunia mgongoni, akakaa kwenye ngazi ya mlango uliofungwa, akamsogezea nafasi. Naye alikaa. Baada ya muda mke alimchukua mkono mmoja akauweka kwenye mapaja yake na kuufunika kwa viganja vyote viwili. Dakika aliutazama mkono wake ulivyofunikwa, akangoja auhisi.