Nguo Mbichi za Mtaa Wetu

Tulipohamia, tulimkuta. Hilo ndilo lililotukera wengi, ingawa hakuna aliyelitamka. Tulikuwa tumenunua viwanja kwenye ramani iliyopakwa kijani, tukajenga ghorofa zenye roshani za vioo na kupanda nyasi za kukatwa kwa mashine. Katikati ya hayo yote, pale barabara mbili za lami zinapokutana, ilibaki nyumba ya vyumba viwili yenye bati lililofubaa, na uani kamba tatu za kuanikia zilizofungwa kwenye nguzo za chuma. Kiwanja kilikuwa cha marehemu mumewe. Hati anayo, na hauzi.

Tulimwita Bi Vibanio. Hata akienda dukani kununua chumvi, vibanio viwili vitatu vya nguo vilikuwa vimeng'ata ukosi wa gauni lake.

Alikuwa dobi wetu. Jumatatu asubuhi mabunda ya nguo yalimfikia kwa mlango wa nyuma, kila nyumba ikiamini ni yenyewe tu inayopeleka. Mashine tulikuwa nazo, lakini zile za kukaushia zilisinyaza sweta na kuyaacha mashuka na mikunjo kama uso wa mtu aliyeamshwa vibaya. Yeye alifua kwa mikono, akasuuza mara tatu, akaanika juani. Ukijifunika shuka lake ulisikia harufu ya upepo. Ili nguo zisichanganyike, alishona uzi kwenye pindo la kila moja: mwekundu wa mwenyekiti wa wakazi, kijani wa daktari wa meno, manjano wa kwangu. Hakuandika popote, na hakuwahi kukosea.

Kisha ikaja barua ya kamati. Kamba zake zilishusha hadhi ya mtaa, ziondolewe mwisho wa mwezi. Aliyemsomea ni mkwewe, mke wa mwanawe, aliyekuwa akimsaidia kupiga pasi.

"Mama, tuwakubalie tu. Hawa watu wana mawakili."

"Wao wana mawakili, sisi tuna jua. Soma."

"Wanasema, la sivyo tujenge ukuta mrefu, nguo zisionekane."

"Ukuta utakata upepo. Nguo isiyopata upepo inanuka kama mdomo wa aliyeshinda na njaa. Nani atatuletea tena?"

"Basi tuanike ndani."

"Na sisi tulale wapi, mwanangu? Tuning'inie kama popo?"

Jumapili alikuja mkutanoni, akasimama nyuma kabisa. Mwenyekiti, meneja mstaafu wa bima na mtu wa viatu vya kung'aa, alimulika kwa projekta picha ya ule ua ukutani, kubwa kama mlango wa gereji.

"Ndugu wakazi, hiki ndicho mgeni anachokiona kwanza akiingia kwetu."

"Baba mwenyekiti," Bi Vibanio akasema, "hebu ikuze kidogo."

Akaikuza. Mashuka manne ya maua yakajaa ukuta, na kwenye pindo uzi mwekundu. Mke wa mwenyekiti akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake.

"Changu hapo ni aproni moja, ile ya pembeni," akasema Bi Vibanio. "Zilizobaki wenyewe mmo humu. Niwataje, au mnajijua?"

Watu walicheka, wakakohoa, wakatazama simu zao. Halafu kura ikapigwa, na kamba zikashindwa. Mkono wangu nao uliinuka, ndani ya mkono wa shati alilolipiga pasi yeye.

"Haya," akasema akijifunga mtandio. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Kesho yake alipokea mabunda kama kawaida. Alifua, akasuuza mara tatu, akakamua. Kufikia saa sita mchana, yeye na mkwewe walikuwa wakibeba mabeseni geti hadi geti, safari hii kwa mlango wa mbele.

"Zimefuliwa," aliwaambia walinzi. "Kuanika mmenikataza."

Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba sheria zetu wenyewe zilikataza nguo kwenye roshani. Tulitandaza mashuka juu ya ngazi, juu ya makochi, juu ya baiskeli ya mazoezi. Mashine zilisaga usiku na mchana, na sweta la mke wangu likatoka likimtosha mwanasesere. Kufikia Alhamisi nyumba nzuri za mtaa wetu zilinuka ukungu.

Alhamisi hiyo alasiri mwenyekiti alivuka barabara amekumbatia beseni. Mapazia yote yalichezacheza.

"Hodi."

"Karibu, baba. Umekuja kuzikata kamba?"

"Mama watoto anasema… Naomba utuanikie."

"Mimi nimekatazwa."

"Nitaifuta ile barua."

"Usiifute peke yako. Irudishe mkutanoni, na wale wale wainue mikono tena. Kwa leo, vibanio hivi hapa." Akavichomoa ukosini, akampa. "Pindo juu, mzee. Sivyo, linaburura. Na kamba ya pili usiiguse, ni ya daktari."

Alianika mpaka beseni likabaki tupu, viatu vyake vimelowa. Daktari wa meno alifuata na ndoo mbili. Nilingoja watu wapungue, kama mwoga yeyote, kisha nikaenda na mashati yangu.

Bi Vibanio alikuwa ameketi kizingitini.

"Nawe mwalimu? Mkono uliouinua Jumapili ni upi?"

Nikamwonyesha wa kulia.

"Basi anikia huo huo."