Taulo kwenye kiti cha Baba

Kama ulipanda meli ya kitalii mara moja tu, tafadhali usituletee tabia zake hapa Kenyenya.

Leo mume wa dada yangu alikuja kwetu. Tangu chai ya asubuhi ni ushauri tu: jinsi ya kuwahi chakula melini, jinsi ya kuwahi viti.

Nani alimuuliza?

Kisha akatandika taulo kwenye kiti cha Baba pale uani.

"Melini ukiweka taulo, kiti ni chako."

Mkwe mzima. Kiti cha baba mkwe.

Baba akarudi kutoka kuchuma majani chai, akapanguza gambuti zake na hiyo taulo, akaketi.

"Na kiti cha kapteni pia mlikuwa mnakiwekea taulo?"

Shemeji amekula chakula cha mchana akiwa amesimama.

Viti vingine vilikuwa ndani. Sikumwambia.

Wenye mashemeji, nimekosea?