Ng'ombe Walioingia Kwenye Injini

Siku hizi watu wa Mhunze huamshwa na majogoo tu. Zamani kulikuwa na lori la Mayala. Kabla jua halijachomoza lilikuwa likikohoa, likizima, likikohoa tena, kisha linashika na kutikisa mabati ya majirani, na wanawake waliokuwa bado wamelala wakajua ni wakati wa kuinjika uji. Walimlaani Mayala kwa moshi wake. Sasa Nyamizi, mkewe, akifungua mlango asubuhi hukuta ua mpana mtupu, na doa jeusi la oili ambapo hata magugu hayaoti. Jirani yake Rhoda humwambia kutoka ng'ambo ya uzio, "Mama Limi, siku hizi tunachelewa kuamka." Nyamizi hujibu kwamba hata yeye.

Lilikuwa lori kuukuu. Mayala alilinunua kwenye kiwanda cha pamba kilipofungwa na kuuza vitu vyake, akabebea pamba, choroko, mchanga, maharusi na maiti. Hakuwa tajiri, lakini mtu akisema "gari" Mhunze bila kutaja la nani, alimaanisha lile. Halafu injini ikaanza kula oili, ikatoa moshi wa buluu, na mwishowe ikawa inagonga kwa ndani, mlio ambao kila dereva anaujua na hakuna anayependa kuutaja.

Mwaka huohuo binti yao Limi aliolewa kijijini Songwa, na ng'ombe wa mahari wakaletwa. Wengine walikwenda kwa wajomba, kama ilivyo desturi. Waliobaki, Mayala aliwatazama wakizunguka zizini mbavu nje, kisha akamwambia mkewe kwamba anawauza.

"Hao ndio Limi," Nyamizi alisema. "Ukiwauza umemfungia mlango."

"Ukame wa juzi ulimwachia nini baba yangu? Ngozi. Injini haili majani, Mama Limi. Ikitengenezwa vizuri itatuzika sisi sote."

Nyamizi aligeuka akaingia ndani. Alichosema juu ya mlango kilikuwa wazi kwa Msukuma yeyote: mke ndoa ikimshinda hurudi kwao, na ng'ombe hurudi walikotoka. Mzazi asiye na ng'ombe wa kurudisha ana binti asiye na pa kurudi.

Basi ng'ombe wakaingia kwenye injini mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza akawa pistoni na ringi. Mwingine akaishia Mwanza, krenki ilikopelekwa kuchongwa. Fundi Eustace, Mhaya wa maneno mengi mwenye gereji Shinyanga mjini, kila alipofungua kitu alikuta na cha jirani yake kimekufa.

"Baba Limi, ulikuwa unaendesha kaburi," alimwambia. "Humu kinachopumua ni honi peke yake."

Mayala alicheka, akarudi nyumbani kufungua ng'ombe mwingine.

Injini ikiwa bado vipande vipande, Limi akaja na jicho limevimba. Mumewe, Mageni, alikuwa na duara, shimo la kuchimbia dhahabu, huko Geita pamoja na ndugu zake. Shimo lisipotoa kitu, alirudi nyumbani na hasira zake. Wazee wa pande zote mbili walikaa. Hakuna aliyembishia Limi. Walisema atarudi kwao siku ng'ombe watakaporudi, na kwa kuwa hakuwa na mtoto, hakuna ng'ombe hata mmoja ambaye angesamehewa.

"Lori likitoka gereji, msimu mmoja wa pamba unatosha," Mayala alimwambia binti yake, akiwa ameinama. "Nenda ukavumilie kidogo."

Limi akaenda.

Na lori likatoka. Eustace alipoliwasha, Nyamizi alikuwepo. Halikukohoa. Lilishika mara moja, kwa mlio mzito uliotulia, na Mayala akaweka kiganja juu ya boneti kama anayepima homa ya mtoto, akakiacha hapo. Nyamizi hakuwa amemwona na uso ule tangu Limi alipozaliwa. Walirudi Mhunze polepole, yeye ameketi mbele kama bibi harusi, na njia nzima aliamini kwamba msimu mmoja ungetosha.

"Hiki ni kichanga," Eustace alikuwa amewaonya. "Vyuma vipya havijazoeana. Mizigo myepesi, mwendo wa pole, mpaka nimwage oili ya kwanza. Mkikipa ugali sasa, mtakizika."

Hazikupita siku nyingi akaja Mwigulu, baba yake Mageni. Mkwe akija ua mzima hubadilika: Mayala alivaa shati safi, kuku akachinjwa, Nyamizi akapiga magoti kuandaa michembe ya viazi vitamu vikavu iliyopikwa na karanga. Mwigulu alikula bila haraka, akalisifu lori, akanawa.

"Mkwe, mawe ya kijana wetu yamelala mdomoni mwa duara. Wenye malori wa kule hawana utu, wanataka walipwe kwanza. Nikasema, mbona mimi nina ndugu?"

Mayala alitazama chini. Nyamizi, ambaye hakutakiwa kusema, akasema, "Baba, fundi ametuambia bado linanyonya."

Mwigulu alicheka mpaka akashika kifua. "Kwetu mtoto anaonjeshwa ugali mapema, mama. Ndiyo maana tuna migongo." Kisha akamgeukia Mayala. "Tukimaliza hili, na yale ya ng'ombe tutayaongea kindugu."

Mtu mwingine yeyote angeambiwa hapana. Mkwe haambiwi hapana ndani ya ua wako, hasa mkwe unayemtafutia ng'ombe. Na lile neno la mwisho Mayala alilisikia kama komeo linalotoka. "Nitakuja," alisema.

Hakuwahi kumsimulia mkewe yote. Alimwambia tu kwamba mawe yalipakiwa mpaka chasisi ikalia. Kwamba Mageni alipanda juu ya mzigo akawa anagonga bodi, "Mzee, kanyaga, dhahabu hailali". Kwamba kwenye mlima wa kuelekea karasha, mashine za kusagia mawe, injini ilichemsha. Alitaka kusimama ipoe. Bodi ikagongwa tena. Akakanyaga. Injini ikagonga, ikakaza, ikazima, na haikuzunguka tena.

Mawe yalihamishiwa lori jingine, yakatoa dhahabu kiduchu. Mwigulu alikuja Mhunze kutoa pole, akala tena. Nyamizi alisimama karibu na mlango akisubiri yale ya kindugu.

"Ya lori ni ya lori," mzee alisema. "Ya ng'ombe yapo palepale."

Eustace alisafiri kwenda kuliona. Alichungulia tumbo la injini, akalifunika bila mzaha wowote. Wanunuzi wa chuma chakavu walilikata vipande palepale lilipofia.

Limi anajua lori limekufa, lakini bado hupiga simu Jumapili, akiwa amejificha nyuma ya zizi.

"Mama, msimu huu?"

"Pamba haikuwa nzuri, mwanangu."

"Basi ujao."

"Ujao."

Jumapili iliyopita alisema ana mimba, kwa sauti ileile anayosemea kwamba chumvi imekwisha. Mama yake alimwambia ale vizuri. Mtoto atakuwa wa ukoo wa Mageni, na Limi hatamwacha. Hilo halikuhitaji kusemwa.

Mayala yuko Nkome, ziwani. Ni dereva wa lori la mfanyabiashara wa dagaa, na akiba yake bado haijafikia ng'ombe mmoja.