Maharage ya Bibi na Ndege ya Mama

Harufu ya maharage yanayochemka na mawese huwafurahisha watu wengi wa Rumonge. Mimi hunipandisha hasira, na nina haki yangu. Nisikilizeni kwanza.

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, nikilelewa na bibi, mzazi wa mama yangu. Mama alifanya kazi Dar es Salaam na sura yake ilikuwa imeanza kunipotea. Siku moja bibi alipokea simu, akaniambia mama atatua Bujumbura asubuhi na kurudi Dar jioni ileile. Tungeenda uwanjani nimwone. Niliota mabawa kwa furaha.

Mjomba wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alitueleza kwamba kutoka Dar hadi Bujumbura ni kilomita elfu moja na ushee, lakini kwa ndege ni mwendo wa saa mbili tu. Bibi, aliyekaa ukimbizini Tanzania miaka mingi, alicheka mpaka akashika mbavu.

“Weye mwalimu, wacha uongo. Mi nilipanda gari moshi ya Kigoma. Unalala, unaamuka, bado iko Tanzania tu! Masaa mbili hata maharage haiivi.”

Basi asubuhi ya safari akainjika maharage, kwa kuwa mzazi haendi kumwona mwanawe mikono mitupu. Yalikuwa makavu kama kokoto. Nilichochea kuni hadi macho yakaniwasha. “Subira huvuta heri,” akaniambia, huku akiongeza maji baridi. Maji baridi, jamani!

Tulipata gari jua likiwa utosini. Tulipofika Minago, njiani tu, akamwamuru dereva asimame, tukashuka, kwa sababu pale aliishi mkwe wake, na kwetu hupiti mlangoni kwa mkwe bila kuingia. Amahoro, amahoro, salamu zisizoisha. Wakaulizana habari za mihogo, za mbuzi, za goti la fulani. Nilivuta kitenge chake.

“Bibi, ndege!”

“Mutoto, adabu kwanza.”

Akaomba kuongezwa juisi.

Uwanjani tulimkuta mama ameshaingia ndani. Nilimwona nyuma ya kioo, ameweka kiganja pale, analia, na askari anamwelekeza aende. Nililia njia nzima ya kurudi. Bibi alinilisha yale maharage garini, nami kwa njaa nikayala yote. Hilo nalo linaniudhi hadi leo.

Nilipokuwa mtu mzima, mama aliniambia kilichomleta siku ile. Alikuwa amenikatia tiketi nikaishi naye Dar, na bibi alilijua hilo tangu kwenye simu. Nilikwenda Rumonge nikitweta. Nilimkuta barazani akichambua ndagala, wale dagaa wa ziwani.

“Bibi, ulijua ndege ni mwendo gani?”

“Nilijua. Mujomba wako si muongo.” Hakuinua macho. “Kwenda iko masaa mbili. Kurudi je? Na siye tulipokimbia, tulisema tutarudi mavuno. Nilirudi na mvi, mujukuu wangu.”

Nilikuwa nimekuja kugomba, nimejiandaa na maneno yangu yote. Nikakaa chini, nikavuta ungo, nikachambua naye. Hasira ninayo bado. Ila pale barazani ndipo nilipojua kwamba garini, mimi nikilia kando yake, aliyekuwa na hofu kubwa zaidi alikuwa yeye.