Marashi kwenye Zeze

Mie kutoka nyumbani kulinishinda tangu ujana. Wenzangu wa Temeke walivaa suti Jumamosi wakaenda dansini. Mie nilivaa msuli, nikaomba mvua inyeshe nipate kisingizio. Ndiyo maana nikauleta muziki sebuleni. Jumapili baada ya alasiri tulikaa mkekani watu kama kumi. Jirani yetu Mhindi mwenye duka alikuja na kinanda chake cha kuvuta upepo kwa mkono, fundi cherehani akaja na udi. Mke wangu aliita shughuli hiyo klabu ya wavivu.

Jumapili moja tulipata mgeni, mwalimu kutoka Ugogo, mtu wa kanisa, tai shingoni na zeze ndani ya mfuko wa kitambaa. Nilikuwa nimembembeleza sana. Hakuwahi kulipiga mbele ya watu wa pwani, akihofia kuchekwa.

"Kwangu hachekwi mtu," nilimwapia, "isipokuwa mwenye nyumba."

Akaanza taratibu, macho kayafumba. Mama mkwe wangu, aliyekuwa karibu na seredani ya kahawa, akaguswa. Akiinuka yule hazuiliki. Alipiga kigelegele, akachukua mrashi uliojaa marashi, akamnyunyizia mwalimu toka utosini hadi magotini, kama alivyozoea kuwafanyia waimbaji wa taarabu.

Zeze likanyamaza. Mwalimu alifuta miwani.

"Mama," alisema kwa adabu, "mimi nilishabatizwa."

Fundi cherehani aliuma midomo. Mwalimu akajaribu tena, lakini katani ya upinde wake ilikuwa imelowa. Ikatoa mlio wa mlango mbovu. Akaanza kulirudisha zeze mfukoni. Nikajua akitoka hapa harudi tena. Na mama mkwe hakaripiwi, basi nikaukaripia mrashi.

"Unakwenda wapi, mwanangu?" mama mkwe akamuuliza.

"Nimeelewa, mama. Nimewachosha, ndiyo maana nikamwagiwa maji."

"Umetuchosha? Sie aliyetuchosha hatumpotezei marashi! Umenitoa machozi wewe."

Mwalimu alimtazama, mkono ungali mfukoni. "Kwetu mtu akipendezwa huitikia."

"Si ungesema! Haya, tuitikie nini?"

Akatufundisha kiitikio kifupi cha Kigogo. Mama mkwe mwenyewe akauchukua upinde, akawa anaugeuzageuza juu ya mkaa wa seredani kwa mbali ukauke, kama mtu anayechoma mshikaki wa mfalme. Mwenye duka akaitafuta sauti kwenye kinanda mpaka akaipata. Mwalimu akaimba, tukaitikia, mke wangu akitushinda wote. Nami nikaitikia kwa moyo wote, mpaka mwalimu akashindwa kuendelea, akainama akicheka.

"Bwana," alisema akifuta machozi, "umesema nini hapo hata mimi Mgogo sijui."

"Ndiyo kawaida yake," akadakia mke wangu. "Hata Kiswahili tunamsaidia."

Upinde ulipokauka, mwalimu alipiga mpaka magharibi ikakaribia. Mama mkwe aliitikia huku kaukumbatia mrashi wake kwa nguvu, kama mtu aliyeshika kuku asikimbie.

Jumapili iliyofuata nilisikia hodi kabla hata mkeka haujatandikwa. Alikuwa mwalimu. Mfuko wa zeze ulikuwa umefungwa mafundo mawili. Alinipita mlangoni, akaenda moja kwa moja kwa mama mkwe, akavua miwani na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Ninyunyizie sasa hivi, kabla sijalifungua."