Ukuta Uliobanduka Ofisini

Mama Anjelina wa kijiji cha Zuzu amekandika nyumba tangu akiwa binti wa miaka kumi na miwili. Leo ana sitini na mmoja, na bado hajaweza kupita mbele ya ukuta uliobanduka akanyamaza. Ndivyo alivyo. Hata msibani, wenzake wanalia, yeye anauliza, "Na huu ukuta wa nyuma mnausubirishia nini?"

Mwaka wa pili huu anafanya usafi kwenye ofisi ya wachora ramani za nyumba, pale Kizota. Bosi wake, Eliakimu, ni mtu wa makamo mwenye adabu zake, haingii asubuhi bila "Shikamoo, mama." Nyuma ya kiti chake kuna picha kubwa iliyowekewa kioo: nyumba ya shamba huko Ulaya, iliyochorwa na Mholanzi mmoja karibu miaka mia nne iliyopita. Ni nakala tu, zawadi ya mwalimu wake alipomaliza masomo, lakini anaitunza kama mboni ya jicho.

Mwanzoni Mama Anjelina aliifuta vumbi bila kuitazama. Siku alipoitazama, wee! Paa la nyasi limelemea upande mmoja. Mwanamke kasimama mlangoni, kuku wawili miguuni, moshi unapanda taratibu, na jua la jioni limepiga ukuta mpaka unadhani ukiugusa utapata joto. Na pale chini ya dirisha udongo umebanduka, fito zote nje!

"Kumbe Wazungu nao walikandika!" Akacheka peke yake, tambara mkononi. Alimpenda yule mwanamke hapo hapo. Tangu siku hiyo akawa anamsalimia kila asubuhi, na kila asubuhi anamsema: "Dada, mvua hizo zinakuja."

Novemba ikaingia, mawingu yakajikusanya, na Zuzu kila mwanamke akawa ukutani kwake. Mama Anjelina alimaliza nyumba yake Jumapili. Jumatatu akaja kazini na bonge la udongo wa kichuguu uliobaki, kalifunga kwenye mfuko. Akapiga magoti juu ya kiti cha bosi, akaziba lile tundu juu ya kioo, akalainisha kwa kidole gumba. Ulikaa vizuri ajabu.

Eliakimu aliingia saa mbili. Shikamoo hakuna.

"Nani kapaka matope picha yangu?"

Mkataba wa Mama Anjelina ulikuwa unaisha Ijumaa ile, na karatasi ya kuuongeza ilikuwa pale mezani, haina saini. Aliiona kabisa. Angeweza kuwasingizia nyigu, nao hujenga kwa udongo.

"Mimi, bosi. Niliziba."

"Uliziba nini?"

"Ukuta. Mvua ikipiga pale wiki moja tu, ile kona inakaa chini."

"Mama, hii nyumba ina miaka mia nne!"

"Miaka mia nne, na hakuna hata mmoja aliyeziba? Jamani!"

Edina wa mapokezi alikimbilia nje akachekee huko. Eliakimu hakucheka.

"Futa," akasema.

Akafuta. Msidhani natania, roho ilimuuma kweli: kwa kibarua chake kilichoanza kuota nyasi, na kwa yule mwanamke aliyerudishiwa tundu lake mvua ikiwa mlangoni. Siku zikapita, karatasi imelala pale pale. Alhamisi mvua ya kwanza ikashuka. Mama Anjelina akamkuta Eliakimu kageuza kiti, anaikodolea picha, chai imepoa.

"Mama," akasema bila kugeuka, "nyumba ya bibi yangu ilianguka kwa kona hiyo hiyo. Mwaka huo alikuwa anaumwa. Sisi wajukuu tupo tele, hakuna aliyekandika."

"Pole, baba."

Eliakimu akanywa chai yake baridi, na saini hakutia.

Ijumaa Mama Anjelina aliwahi, aiage picha kabla watu hawajafika. Akakuta chini ya lile dirisha la pichani pana udongo mbichi. Umebandikwa vibaya, mabonge mabonge, na alama ya gumba nene katikati. Huyu ni mwanaume kakandika. Mezani karatasi ilikuwa na saini, na tope pembeni.

"Ovyo kabisa," akasema Mama Anjelina, machozi yanamlengalenga. Akalowesha kidole, akapanda kwenye kiti kusawazisha.