Idadi Sikuiandika

Baba alipanda misindano, ile miti ya mbao, mwaka ule ule nilipomaliza darasa la saba na jina langu halikutoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Hakunigombeza. Alinipa jembe, tukaenda kwenye ekari yetu moja ya mteremkoni, nyuma ya nyumba, tukachimba mashimo siku nne. Yeye alitangulia na kamba ya kupimia, mimi nikafuata. Tulipomaliza kushindilia mche wa mwisho alijifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Hii ndiyo sekondari yako. Ikikomaa hii, na wewe utaanza maisha."

Mimi maneno hunijia wakati watu wameshaondoka.

Kwetu, upande wa Njombe, mtu akipata hela ya ziada anapanda miti. Mti haunywewi kama ulanzi, ile pombe ya mianzi, wala haupungui ukiuangalia. Baba hakuwa na hela ya ziada. Aliuza ndama, akanunua miche, na mwaka huo mama hakupata blanketi jipya ingawa ulikuwa mwaka wa baridi kali. Kwa hiyo hata mama alikuwa ndani ya miti ile. Kila Jumapili tukitoka kanisani alipita mteremkoni na viatu vyake vizuri, akaigusa gusa.

Baba alifariki miti ikiwa imenipita kimo kidogo tu. Mdogo wake, ambaye namwita baba mdogo, ndiye aliyesimamia msiba. Alinunua jeneza kwa hela yake. Nilimwona akihesabu noti mbele ya fundi seremala, akarudia kuhesabu, akatoa zote, akabaki anakung'uta pochi tupu. Nakumbuka nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi.

Baada ya msiba nilikwenda Makambako kutafuta kazi. Nikapata ya kupanga mbao kwenye uwanja wa tajiri mmoja anayepakia malori ya kwenda Dar es Salaam. Unalipwa jioni, mkononi. Hapo ndipo nilipojijua. Jioni, kabla sijaikunja hela yangu, mwenzangu mmoja alikuwa ameshafika.

"Dogo, nitoe na elfu mbili. Kesho asubuhi unayo."

Kesho asubuhi sikuwa nayo, na kumdai nilishindwa. Nilikuwa nikimwona anakuja napita nyuma ya rundo la mbao, kana kwamba mdaiwa ni mimi. Mwingine akaja, na mwingine. Mpakiaji mmoja, mcheshi sana, alikuwa akiwaambia wageni, "Mna shida? Nendeni kwa huyu. Benki haina mlinzi, hata kitambulisho haiulizi." Watu walicheka. Na mimi nilicheka.

Nilijaribu njia nyingi. Nilijaribu kusema sina, lakini uso wangu haujui kusema sina. Nikaanza kuweka hela kwenye simu ili mfuko uwe mtupu kweli. Yule wa elfu mbili akaniambia, "Si neno, nitumie tu. Weka na ya kutolea." Nikatuma na ya kutolea.

Mwisho nikajiambia kwamba ya mfukoni ni yao, niiache iende. Miti ndiyo yangu. Hakuna mtu atakayenifuata jioni akaniambia dogo, nitoe na msindano mmoja.

Kazi yenyewe ilinifundisha thamani yake. Msindano wa miaka kumi haujawa mbao. Ukikatwa unakuwa mrunda, ile nguzo nyembamba ya kuegemezea zege, na mirunda inanunuliwa kwa bei ya kuumiza roho. Ukiuvumilia miaka mitano mingine, shina linanenepa, unapasua mbao za maana, na bei haifanani hata kidogo. Yangu ilikuwa imefika kumi. Nilikuwa nikishika mbao nzuri, pana, isiyo na vifundo, najisemea: mitano tu. Na mpango nilikuwa nao. Kiwanja kidogo pembeni ya mji, vyumba viwili, kimoja cha mama, ili asipande tena mlima na ndoo. Miti niliyoiacha hai nilipoondoka ilikuwa mia nne na kumi na mbili. Niliihesabu mara mbili.

Baba mdogo alikuja uwanjani siku ya katikati ya wiki, mchana, wakati tunapakia. Alivaa koti lake la kanisani. Alisimama mbali kidogo, kwa adabu, mpaka nilipomwona.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, baba."

Alisifu mikono yangu kwamba imekomaa. Akauliza tunakula nini huku, nikamwambia wali maharage, akasema mjini mnakula sikukuu kila siku. Kisha akaangalia chini. Alikuwa amenunua bati za nyumba yake mpya na zimeegemezwa ukutani tangu mwaka jana, zinaanza kushika kutu. Alikosa mbao za kenchi za kuzibebea.

"Nimeona nije kwako kuliko kwenda kwa watu," alisema. "Miti michache tu. Ofisi ya kijiji wanataka barua ya mwenye miti, basi. Wewe ndiye mwenye miti."

Nilitaka kuuliza michache ni mingapi. Swali lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nadhani aliliona, kwa sababu alisema taratibu, bila hasira, "Mwanangu, mimi sijawahi kukuhesabia."

Hakulitaja jeneza. Hajawahi kulitaja.

Nikaomba kalamu kwa karani. Nikaweka karatasi juu ya rundo la mbao. Mimi huandika polepole, herufi moja moja, na mtu akinitazama ndiyo nazidi kuwa mzito. Nyuma yangu wenzangu walikuwa juu ya lori wakiita.

"Dogo anaandika Biblia!"

"Muache, yuko Mwanzo sura ya kwanza!"

Niliandika kwamba mimi, mwenye shamba la miti lililoko mahali fulani, nimemruhusu baba yangu mdogo akate miti. Nikafika hapo nikasimama. Nambari ndogo ingeonekana uchoyo. Nambari kubwa niliiogopa. Na kuandika nambari yoyote ile mbele ya mtu aliyekung'uta pochi yake kwa ajili ya baba yangu ilikuwa kama kumwambia kwamba mimi namhesabia.

"Hapo weka nukta nukta," alisema. "Nitajaza nikishaongea na fundi wa kenchi."

Nikaweka nukta nukta. Nikasaini. Ukweli ni kwamba nilishukuru, maana barua iliisha haraka. Tajiri wetu alikuwa amesimama karibu, akamsalimia mgeni wangu kwa heshima, wakaongea kidogo habari za mvua na za barabara. Nilipogeuka niliwaona wanapeana namba za simu. Sikufikiria lolote. Watu wazima hupeana namba.

Zilipita wiki sita au saba. Asubuhi moja, ukungu haujaondoka, liliingia lori la mirunda. Mirunda huja kila siku. Tukapanda, tukaanza kushusha. Ilikuwa mibichi, inanata utomvu, na mikono yetu ikawa myeusi. Mcheshi wetu akaokota mmoja akasema, "Hawa wamekatwa wakiwa chekechea." Nikacheka. Nashindwa kujisamehe kicheko kile.

Tulipomaliza dereva alinipa bahasha ya karatasi za mzigo nimpelekee karani, maana mimi ndiye niliyekuwa karibu. Bahasha haikufungwa. Karatasi ya juu ilikuwa ya kibali, yenye mihuri. Ya chini yake ilikuwa na mwandiko ninaoujua: herufi kubwa kubwa, zinazopanda mstari na kushuka, kama za mtoto. Niliisoma barua yangu mwenyewe. Nilipofika kwenye nukta zile, juu yake palikuwa na neno moja, kwa mwandiko mwepesi wa mtu asiyehangaika na kalamu.

Yote.

Nilimpa karani bahasha. Aliniambia, "Mbona umesimama?" Nikaenda kwenye rundo. Nikaweka kiganja kwenye kitako cha mrunda mmoja, nikawa nahesabu duara za ndani. Zilikuwa kumi. Jioni nililipwa ya kushusha, sawa na wenzangu, na yule wa elfu mbili akanifuata, nikampa.

Tajiri sikumwambia kitu. Alikuwa na barua, alikuwa na kibali, alikuwa amelipa. Mkosaji wa kumshika shati sikumwona.

Jumamosi nikapanda gari la Njombe, kisha bodaboda mpaka nyumbani. Mteremko niliuona kutoka mbali, na nilidhani tumekosea njia, kwa sababu kwa miaka mingi sikuwa nimeiona nyumba yetu kutoka barabarani. Miti ndiyo ilikuwa ikiificha. Sasa ilikuwa imekaa wazi, ndogo, na mama nje akianua nguo.

Hakulia. Aliniwekea viazi na chai. Akasema walikuja na mashine tatu, wakamaliza siku mbili, na alipowauliza walimwonyesha barua.

"Nikawaambia huo ni mwandiko wa mwanangu, naujua," alisema. "Nikafikiri mmekubaliana, mkanificha."

"Mama, idadi sikuiandika. Nilimwachia ajaze."

Akaanza kumenya kiazi ambacho kilikuwa kimeshamenywa.

"Kalamu alikuwa nayo nani?" akauliza.

Nikasema mimi.

Kwa baba mdogo hakutaka tuongozane. Nilikwenda peke yangu. Njiani nilipanga maneno yangu vizuri, nikayarudia kama mtoto anayekwenda kukariri mbele ya darasa. Nyumba yake mpya ilikuwa bado haijaezekwa. Bati zilikuwa pale pale ukutani. Aliniona akafurahi, kweli alifurahi, akaita watu walete kiti.

"Nilikuwa nataka kukupigia," alisema. "Nilianza na za kenchi. Fundi akasema misindano yako bado laini, kenchi itapinda. Nikaona kumbe haifai kwangu. Yule tajiri wako akanipigia, anatafuta mirunda haraka haraka. Nikafikiri, mtoto ameshaniachia, nimsaidie kuuza, hela itulie. Halafu yakaja ya hospitali, mke wangu amelazwa, unajua. Na ada za watoto."

Sikujua kwamba mke wake alilazwa. Nikampa pole. Maneno yangu yote niliyoyapanga yalianza na neno lingine, na sasa sikuwa na pa kuyaanzia.

"Baba," nikasema mwisho, "mimi nilidhani michache."

Alinitazama kwa mshangao ambao mpaka leo siamini kwamba ulikuwa wa kuigiza.

"Lakini si uliacha wazi? Mtu akitaka michache anaandika michache. Uliacha wazi, nikajua umeniheshimu kama baba yako."

Akaingia ndani, akarudi na noti zilizokunjwa. "Hii nilikutengea." Alinipa kwa mikono miwili. Zilikuwa laki mbili. Mimi nilizipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti kidogo kama tulivyofundishwa, nikasema asante.

Nilisema asante. Nimeandika kurasa hizi kwa majuma mengi, na hapo ndipo ninapokwama kila mara. Ningeweza kukaa kimya. Kukaa kimya ndiyo kazi ninayoijua. Siku hiyo moja, sauti ilinitoka, na ikasema hivyo.

Nikirudi nilikata mteremkoni. Visiki vilikuwa vinatoa utomvu, umekauka mweupe kama nta. Milingoti, yaani mikaratusi, ukiikata inachipua, baada ya mwaka una miti tena. Msindano hauchipui. Baba alilijua hilo, alichagua misindano kwa sababu mbao yake ina bei, na kwa sababu hakufikiri kwamba ingekatwa kabla ya wakati na mtu mwenye ruhusa yangu. Nilipiga hesabu. Miche, mashimo, miaka kumi na mitano. Mama sasa hivi anapumzika mara mbili kabla ya kufika kisimani.

Laki mbili nilimwachia mama. Alinunua blanketi.

Niko Makambako bado. Ile mirunda iliondoka baada ya siku chache kwenda kushikilia zege la ghorofa ya mtu. Sikuulizwa kitu na sikumwambia mtu. Karani tu ndiye nadhani aliitambua saini, kwa sababu tangu siku ile ananisalimia kwa sauti ya chini.

Jumapili iliyopita baba mdogo alinitumia ujumbe kwenye simu. Kwa kuwa shamba la mteremkoni limekaa tupu, aliandika, na kwa kuwa mvua zimekaribia, anaomba apande viazi kati ya visiki. Msimu mmoja tu.

Nilikaa juu ya kitanda changu na simu. Hakuwepo mtu wa kunitazama, wala wa kunicheka juu ya lori. Jibu nilikuwa nalo, neno moja, herufi sita. Nikaanza. Nilipofika herufi ya nne nikaona nilichoandika mpaka hapo ni "Hapa", kama mtoto anayeitikia jina lake darasani. Nikafuta, nikidhani nimekosea. Nikaanza tena.

Simu ikaita mkononi.

"Mwanangu, naona kwenye simu unaandika, unaandika, humalizi," baba mdogo alisema, anacheka. "Usijitese na maandishi. Sema tu, nakusikiliza."

Alinisubiri. Kwake kuku walikuwa wanalia, na mtu alikuwa anagonga bati kwa nyundo.

"Lima tu, baba," nikasema.